Geti la shule ya kanisa lisifungwe saa sita

Shule ya msingi ya kanisa isiyo na chekechea ya watoto wa miaka mitatu na minne, na isiyo na mahali pa kukaa watoto baada ya masomo hadi wazazi watoke kazini, kwangu mimi bado haijamaliza kazi iliyoianza. Nalisema hili nikijua hali ya shule zetu nyingi: madarasa hayatoshi, ada zinachelewa, mishahara inapatikana kwa taabu. Hata hivyo naona jambo hili lingepaswa kutangulia basi jipya, na lingepaswa kutangulia ukumbi.

Mwaka 2023 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Niliunga mkono tangu siku ya kwanza, maana mtoto wa miaka sita anahitaji kulala kwao. Lakini wazazi wengi walilalamika, na malalamiko yao tuliyapuuza haraka mno. Tulisema wamechoka kulea. Mama mwenye meza sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, anayeondoka Chanika pembezoni mwa jiji alfajiri na kurudi saa mbili usiku hajachoka kulea. Alilipa bweni kwa sababu hakukuwa na mtu wa kukaa na mwanawe kati ya kengele ya mwisho na saa anayofika nyumbani. Bweni liliondolewa, zile saa zikabaki palepale. Leo zimeangukia kwa dada wa kazi ambaye mwenyewe ni binti mdogo, au kwa jirani, au kwa kaka wa miaka tisa aliyeachiwa ufunguo.

Pita kwenye geti la shule ya mjini saa nane mchana. Wa awali wamemaliza muda mrefu, mabasi yameshaondoka, na waliokuwa na watu wa kuwachukua wameshakwenda. Kwenye benchi la mlinzi utamkuta mmoja, mkoba bado mgongoni, kiatu kimoja kimefunguka kamba, amelala kichwa kikiwa juu ya chupa yake ya maji. Mlinzi anamtazama kwa jicho moja na geti kwa jicho jingine. Ni mtu mwema, lakini hakuajiriwa kulea. Na nyuma yake, mita chache tu, kuna madarasa matupu yenye feni.

Kuna wanaosema ulezi wa mchana si kazi ya shule, wala ya kanisa, shule kazi yake ni kufundisha. Historia inasema vingine. Mwishoni mwa miaka ya 1760, Johann Friedrich Oberlin, mchungaji wa Kilutheri, alipangiwa usharika maskini katika milima ya Vosges, mashariki ya Ufaransa. Wazazi walishinda mashambani na watoto walizurura. Msichana mmoja wa kijijini, Sara Banzet, alikuwa akiwakusanya watoto nyumbani na kuwafundisha kufuma. Oberlin aliona kazi hiyo, akamwajiri, na mwingine, Louise Scheppler, akaiendeleza kwa miongo. Hapo watoto walifuma, waliimba, walisikia hadithi za Biblia, walijifunza majina ya mimea. Friedrich Fröbel, Mjerumani anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wa chekechea, alikuja kufungua taasisi yake Ujerumani mwaka 1837, miaka mingi baadaye. Hata Maria Montessori, daktari wa Kiitalia ambaye njia yake ya kufundisha watoto wadogo masista wetu wa Kikatoliki wanaifundisha hapa nchini, alianza Januari 1907 mtaa wa San Lorenzo, Roma, kwenye majengo ya wapangaji ambako wazazi walikwenda kazini na watoto wakabaki wakichafua kuta na ngazi. Kwa hiyo chekechea ilizaliwa na swali lilelile la yule mama wa Kariakoo: mtoto akae na nani nikiwa kazini? Na walioanza kulijibu mapema walikuwa watu wa kanisa.

Sera mpya ya elimu inaongeza sababu. Mtoto anaanza darasa la kwanza akiwa na miaka sita, na mwaka mmoja wa awali kabla ya hapo ni lazima. Vizuri. Ila wa miaka mitatu na minne wamebaki mikononi mwa mzazi na bahati yake. Shule inayotaka kuwapokea ijue mapema kwamba kuna milango miwili ya kubisha: darasa la awali liko chini ya elimu, kituo cha kulelea watoto mchana kinasajiliwa upande wa ustawi wa jamii. Fuateni yote miwili. Kituo kisichosajiliwa hakipati rangi ya halali kwa kuwa kiko kwenye kiwanja cha parokia.

Sasa hofu yangu kubwa. Naogopa tutafungua chekechea kisha tuigeuze tuisheni. Nimeona watoto wa miaka mitatu wakipewa kazi ya nyumbani kurasa mbili, mkono umeshikwa na mwalimu kulazimisha herufi, na mzazi akifurahia kwamba pesa yake inafanya kazi. Mtoto wa umri ule anajifunza kwa mchanga, maji, vifuniko vya soda vya kuhesabu na kupanga, hadithi inayorudiwa mpaka aijue kuliko msimuliaji. Mwongozo wetu unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, na kwa wadogo zaidi hata hao ni wengi. Mchana wao uwe uji, mkeka na usingizi, kisha uwanja. Wakubwa wa darasa la kwanza hadi la nne wapewe nusu saa ya kumalizia kazi zao, baada ya hapo mpira, kwaya, bustani. Watoto wameshakaa kwenye madawati tangu asubuhi, waacheni wakimbie.

Na mwalimu aliyefundisha tangu saa moja na nusu asiongezewe mchana kwa jina la huduma. Waajiriwe walezi wengine, wafunzwe, walipwe. Kina mama wa usharika wanaweza kusaidia, lakini kusaidia ni siku moja moja, kulea watoto 30 kila siku ni kazi ya mtu.

Kuhusu usalama sitaki mjadala. Pasiwe na mtu mzima anayebaki peke yake na watoto, awe mlezi, mwinjilisti au padri. Choo kisiwe mafichoni. Kuwe na daftari la kumchukua mtoto, lenye majina ya watu watatu walioandikwa na mzazi, na asiyekuwemo aondoke mikono mitupu hata kama kila Jumapili anakaa benchi la mbele. Kujuana kwetu kanisani ndiko kunakotulegeza. Mtu akikwazika kwa kuombwa kitambulisho, akwazike.

Majirani zetu Waislamu nao wapokelewe wazi, na wazazi waambiwe siku ya kwanza kabisa ni sala gani na nyimbo gani zitakuwepo, wachague wakijua. Shule nyingi za kanisa zimeishi hivyo miaka mingi bila ugomvi.

Imebaki ada, na hapa naziomba bodi za shule zinazopanga bajeti ya Januari zifikirie jambo moja. Msiiweke ada ya mchana kwa muhula. Mwenye mshahara ataimudu, lakini muuza mbogamboga na dereva wa bajaji hupata fedha kwa siku, na ukimdai ya muhula mzima kwa mkupuo umeshamrudisha kwa yule kaka mwenye ufunguo. Pokeeni kwa wiki, hata kwa siku, kwa simu, na anayehitaji siku tatu tu alipie siku tatu.