Mwalimu wa Zamu Si Kadhi: Alama za Dini Katika Shule za Tanga

Waruhusiwe. Hijabu, msalaba shingoni, rozari, tasbihi, kofia ya viua siku ya Ijumaa, kilemba cha Kalasinga, hata hirizi mkononi: mwanafunzi wa shule ya serikali avae na asiulizwe maswali ya imani. Naliweka hili mapema ili msomaji asihangaike kutafuta nimeegemea wapi. Kinachobaki, na ndicho chenye kazi, ni kuandika kanuni ambayo mwalimu wa zamu ataisimamia getini saa moja asubuhi bila kugeuka kadhi.

Tanga ina historia yake katika hili. Shule ya kwanza ya serikali katika koloni la Wajerumani ilifunguliwa mjini hapa mwaka 1892. Serikali ile ilitaka makarani na wakalimani, na watu wa pwani hawakuwa tayari kuwapeleka watoto wao misheni. Ikabidi iwepo shule ambayo haijengwi juu ya dini ya mtu, na wamisionari hawakufurahi. Safari fupi kutoka hapo, Magila ya Muheza, Waanglikana wa misheni ya UMCA walikuwa wameshakaa na Wabondei tangu kabla ya Wajerumani, na huko Usambara Walutheri nao walikuwa wanaanza. Kwa hiyo mkoa huu umezoea siku nyingi kuwa na mtoto wa chuo cha Kurani na mtoto wa sandei skuli kwenye dawati moja. Anayedai kwamba kuonekana kwa dini shuleni ni jambo geni lililoletwa juzi, hajui Tanga.

Katiba ya Tanzania nayo haina mzunguko. Ibara ya 3 inasema nchi hii haina dini, ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani na kuziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi, na ibara ya 30 inasema uhuru wa mtu mmoja usivuruge haki za wengine. Wapo wanaoishika ile ya 3 peke yake na kutaka tufuate Ufaransa, ambako sheria ya mwaka 2004 ilipiga marufuku alama za dini zinazoonekana wazi katika shule za umma. Lakini shule zetu za serikali zina kipindi cha dini kwenye ratiba, shehe anaingia darasa hili na katekista anaingia lile. Huwezi kumwambia mtoto saa nne ahudhurie kipindi cha dini yake kisha saa tano uichukie dalili ya dini hiyohiyo kichwani mwake. Na Wafaransa wenyewe hawakupumzika: walianza na kupima msalaba upi mdogo na upi mkubwa, na kufikia mwaka 2023 wakapiga marufuku hata abaya.

Sasa tuje kwenye kitambaa chenyewe.

Hijabu katika shule nyingi za Tanga ni jambo la kawaida, wala halihitaji mahubiri. Ugomvi unazuka kwa sababu kanuni inasema tu "hijabu nyeupe" na kuishia hapo. Nyeupe ipi, ndefu kiasi gani, ya kitambaa gani? Mzazi mmoja ananunua ya lasi yenye shanga, mwingine analeta mtandio wa kufunga kwa pini, wa tatu anashona inayofika magotini na kufunika nembo ya shule. Mwalimu wa nidhamu anamrudisha wa tatu nyumbani, mzazi anakuja juu kwamba mtoto kafukuzwa kwa ajili ya dini, kumbe tatizo lilikuwa nembo. Dawa yake ni sindano na uzi: shule iuze nembo mbili, moja ya mfukoni na moja ya kushonwa kwenye hijabu, upande wa kushoto wa kifua. Urefu uwe wa kufunika mabega na kifua na usivuke kiuno. Kwa mtoto wa darasa la tano, mita moja ya kitambaa cha upana wa inchi 60 inatosha, na mafundi cherehani wa Ngamiani, hapa mjini Tanga, wanajua kuikata bila kupoteza. Iwe ya kushonwa, ya kuvaa kwa kupitisha kichwa, yenye lastiki usoni. Pini zipigwe marufuku kabisa. Zinachoma shingo wakati wa michezo, zinaanguka, na mtoto anatumia dakika kumi za kipindi akijirekebisha.

Kitambaa ni suala zito kuliko rangi. Tetroni ni rahisi, inakauka upesi na haijikunji, ndiyo maana wazazi wanaipenda. Lakini kwa joto la Tanga la mwezi wa pili haipitishi hewa, jasho linabaki kichwani, na mtoto anayetoka nyumbani na nywele mbichi baada ya kuoga anakaa na unyevu huo mpaka saa nane mchana. Kichwa kinachoshinda na unyevu kinawasha, kinanuka, na unyevu hauwafai wenye mba na mapunye. Poplini ya pamba ni bora, ingawa inahitaji pasi. Ziwe mbili kwa uchache ili moja ifuliwe kila siku, na ni marufuku kuazimana. Hili la kuazimana shule za bweni zinalipuuza, kisha zinashangaa mapunye yakizunguka kitanda hadi kitanda.

Liko pia la nywele, ambalo watu wanaliongea pembeni. Shule zetu nyingi zinataka wasichana wanyoe au wapunguze nywele, na baadhi ya walimu wanaamini kwamba chini ya hijabu kuna misuko. Mara nyingine ni kweli. Kinachoharibu ni mwalimu wa kiume kumvua mtoto hijabu mstarini mbele ya shule nzima ili kuhakikisha. Ukaguzi wa nywele ufanywe na matroni au mwalimu wa kike, ndani ya chumba, kwa wasichana wote wa darasa hilo, wenye hijabu na wasio nayo, siku moja. Usipofanywa kwa wote, hata ukifanywa kwa adabu, utasomeka kama msako wa Waislamu.

Maabara na karakana zina kanuni yake, na hapa sina huruma na dini ya mtu yeyote. Tetroni ikishika moto haiungui ikaisha kama pamba. Inayeyuka na kugandia kwenye ngozi. Kwa hiyo kabla ya kuwasha kichomeo, ncha zote za hijabu zinaingizwa ndani ya koti la maabara na koti linafungwa vifungo hadi juu. Kwenye karakana ya ufundi, mbele ya mashine ya kukereza chuma au ya kutoboa, hakuna kinachoning'inia: si mkufu wa msalaba, si rozari, si bangili ya Kalasinga, si tai ya shule. Mashine inayozunguka ikinasa cheni haiachii, inavuta mpaka kitu kikatike, na kinachokatika kinaweza kuwa kidole. Kanuni hiyo iandikwe kwa maneno hayo, "kisiwepo kinachoning'inia", bila kutaja dini. Ukitaja hijabu peke yake umezua kesi, na bado hujamzuia mwenye tai.

Michezo haina ubishi tena. Soka iliruhusu rasmi vifuniko vya kichwa mwaka 2014, mpira wa kikapu ukafuata mwaka 2017. Mwalimu anayemtoa binti kwenye timu ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kwa hijabu ya kubana isiyo na pini anatetea kanuni ambayo wenye mchezo wameshaifuta.

Msalaba na rozari vinaonewa kwa njia ya kimyakimya. Kanuni nyingi zinasema "mapambo hayaruhusiwi", na mwalimu anaiweka rozari kwenye fungu moja na hereni za plastiki. Mtoto Mkatoliki anajifunza kuificha ndani ya shati. Kwa kuwa hajalalamika, watu wanadhani hana tatizo, na jirani yake mwenye hijabu anaonekana kupendelewa. Minong'ono ya upendeleo inaanzia hapo. Ruhusa iandikwe kwa majina: msalaba, medali na rozari vinavaliwa, juu au chini ya shati kama mwenyewe apendavyo. Cheni iwe ya uzi au yenye kifungo kinachoachia kikivutwa, maana watoto wanavutana.

Nimeitaja hirizi makusudi, kwa kuwa ndiyo inayoupima msimamo wa mtu. Kila mwalimu aliyefundisha Pangani au Mkinga ameiona: kipande cha ngozi au kitambaa kilichoshonwa, kimefungwa kwa uzi mweusi mkononi, shingoni au kiunoni. Mashehe hawakubaliani kuihusu. Wapo wanaoona ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu, moja kwa moja, wapo wanaoruhusu ikiwa ndani mna aya tu, na wachungaji wengi hawataki hata kuisikia. Basi mwalimu afuate fatwa ya nani? Asifuate ya yeyote. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua shauri la msichana wa Kihindu wa Durban aliyekatazwa kuvaa kipini cha pua shuleni. Shule ilisema kipini si lazima katika dini yake. Mahakama ikasema hata desturi ya hiari inalindwa, na shule ilipaswa kumruhusu. Hoja hiyo inatufaa sana pwani, ambako mila na dini zimeshonwa kwa uzi mmoja. Swali la "je, dini yako inakulazimisha?" lifutwe kwenye midomo ya walimu.

Na kivitendo, hirizi isikatwe. Mwalimu akiikata kwa mkasi mbele ya darasa, mtoto akipata homa wiki ile, mtaa mzima utajua homa imetoka wapi. Ikiwa inambana mkono au ngozi yake imeoza kwa maji na inaleta kidonda, aitwe mzazi na aambiwe habari ya kidonda, si habari ya ushirikina. Ikibidi itoke, kwa mfano karakanani, mtoto aivue kwa mkono wake na kuitia mfukoni mwake.

Nikabu, au ninja kama mtaani wanavyoiita, ndiyo mpaka wangu. Darasani uso uonekane, kwa sababu mwalimu wa lugha anahitaji kuona mdomo na mwanafunzi anahitaji kuonekana ameelewa au la. Njiani na uwanjani avae apendavyo. Kwenye mtihani, msimamizi wa kike amtambue faraghani kabla ya kuingia chumbani, alinganishe na picha, basi.

Wenzetu Kenya wamekwenda mahakamani mara nyingi, na matokeo hayatoi raha. Waliotetea hijabu katika shule ya Isiolo walishinda Mahakama ya Rufani mwaka 2016, ushindi huo ukatenguliwa na Mahakama ya Juu Januari 2019, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya namna dai lilivyoingizwa katika kesi. Miezi minane baadaye Mahakama Kuu ya Nairobi ikampa haki msichana wa Kirasta aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya rasta zake. Malawi nayo iliamua kuhusu watoto wa Kirasta mwaka 2023, wakashinda. Mtoto aliyesubiri hukumu miaka mitatu ameshamaliza shule.

Shule binafsi za dini ni habari nyingine. Seminari au shule ya Kiislamu ina haki ya kuwa na sura yake, sharti iseme kabla ya kupokea ada. Fomu ya kujiunga iandike wazi: wasichana wote watavaa hijabu, au hijabu haivaliwi hapa. Kupokea ada Desemba na kutangaza sharti Januari ni ulaghai, hata ukifanywa kwa jina la Mungu.

Kwa shule za serikali ruhusa iende pande zote mbili. Binti Mwislamu asiyevaa hijabu asisakwe na mwalimu wala na viranja. Katika shule ambazo wasichana tisa kati ya kumi wanavaa, yule wa kumi anasukumwa sana, na akivaa kwa kuchoka kusemwa, hiyo nayo si ruhusa.

Kanuni yote inaenea kwenye ukurasa mmoja. Bodi au kamati ya shule iipitishe Oktoba, iwe na mchoro wa hijabu wenye vipimo, ibandikwe ofisini na nakala ipelekwe kwa mafundi wanaoshonea shule hiyo. Mwishoni mwa Desemba mafundi wa Ngamiani wamejaa kazi, na mzazi aliyekwisha kushonesha hatashona mara ya pili kwa sababu mwalimu mkuu amebadili mawazo likizo ikiisha.