Visima vyetu je?

Mwandishi wa makala yenu ameeleza vizuri mpango wa kuyakatakata yale mashamba ya mikorosho na minazi huku kwetu Mwakirunge, Mombasa, yawe ploti za futi 50 kwa 100, lakini suala la maji amelipita haraka mno. Mombasa haina chanzo kikubwa cha maji cha kwake. Tunategemea maji ya chemchemi ya Mzima kule Taita Taveta, Baricho ya Kilifi, Marere na Tiwi za Kwale, na mfereji ukikauka sisi hurudi kwenye visima. Sasa kila ploti itachimba shimo lake la choo, hatua chache tu kutoka kisima cha jirani. Watoto wetu watakunywa nini?

Sikatai watu kujenga. Vijana wetu pia wanahitaji pa kuishi. Ila Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ya shamba kugawanywa. Naomba maofisa waje tuketi chini ya mwembe, na ramani tuione kwa macho yetu, njia ya makaburini ikiwemo. Wazee wanaiulizia hiyo kila siku.