Kahawa ya kopo na kahawa ya dele: ipi ya kuogopwa?

Baada ya Magharibi, kwenye mabaraza ya Mkunguni mjini Lamu, muuza kahawa anapopita na dele lake, yaani birika la kahawa, akigonganisha vikombe, husikika kauli iliyozoeleka mno hata haiulizwi tena: kwamba kahawa chungu ya kusaga ni dawa, na ile ya kopo, ya unga unaoyeyuka katika maji moto, ni kemikali tupu. Kahawa ya dele naipenda tangu utotoni, lakini kauli hiyo inaionea kahawa ya kopo na, zito zaidi, inamsahaulisha mnywaji jambo linalomhusu yeye mwenyewe.

Wenye kauli hiyo hutaja akrilamaidi, kemikali inayozalika buni zinapokaangwa, ambayo tangu mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka miongoni mwa vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Vipimo vilivyochapishwa Poland mwaka 2013 vilipata wastani wa mikrogramu 358 katika kilo ya kahawa ya kopo, na 179 katika kilo ya kahawa ya kukaangwa. Ni maradufu, sikatai. Lakini watu hawanywi kwa kilo. Kikombe cha kahawa ya kopo hutosheka na kijiko kimoja, gramu 2 hivi, ilhali kikombe cha ukubwa huo cha kahawa ya kusaga hutaka gramu 7 au zaidi. Gramu 2 hizo zinabeba mikrogramu 0.7, gramu 7 zinabeba 1.25. Hata tukikubali kwamba si yote inayotoka kwenye machicha, na kwamba vikombe vya dele ni vidogo, ule umaradufu unaotisha watu haumfikii mnywaji jinsi unavyosimuliwa. Shirika hilohilo, mwaka 2016, liliiondoa kahawa yenyewe katika orodha ya vinavyoshukiwa, likabakisha onyo juu ya vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65, onyo ambalo halichagui kopo wala dele.

Jambo nisilolisikia barazani liko kwenye mafuta. Inamisha kikombe cha dele mbele ya taa, utaona utando mwembamba unaong'aa juu. Katika mafuta hayo ya buni ndimo ilimo kafestoli, inayopandisha kolesteroli mbaya katika damu. Karatasi ya kuchujia huizuia, na kahawa ya kopo inayo kidogo sana. Bali kahawa iliyochemshwa pamoja na unga wake, kisha ikamiminwa deleni bila kuchujwa kwa karatasi, hubaki nayo kwa wingi. Watafiti wa Norwe waliuona uhusiano wa kahawa na kolesteroli huko Tromsø mwaka 1983, na mwaka 2020 utafiti wa nchi hiyo uliofuatilia zaidi ya watu 500,000 kwa wastani wa miaka 20 ulionyesha kuwa vifo vilikuwa vichache zaidi kwa wanaochuja kuliko wasiochuja.

Upande wa kahawa ya kusaga nao una hoja nzito. Uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2022, wa watu karibu 450,000, ulikuta wanaokunywa vikombe viwili au vitatu vya kahawa ya kusaga kwa siku wakiwa na uwezekano wa kufa uliopungua kwa asilimia 27, na wa kahawa ya kopo kwa asilimia 11. Hata hivyo, wote wawili walinufaika, na mnywaji wa Uingereza hatumii dele. Pia vile vipakiti vilivyochanganywa sukari na krimu ya unga sivitetei hata kidogo. Mbele yake, kahawa chungu isiyotiwa sukari inashinda kwa mbali.

Mjomba wangu, alipoambiwa na daktari kuwa kolesteroli yake imepanda, aliacha mahamri na samaki wa kupaka, akabaki na vikombe sita vya dele kwa siku akiamini hivyo havina neno. Nimemwomba asubuhi anywe kijiko kimoja cha kahawa ya kopo, bila sukari, na dele alibakishe la jioni, anapokaa na wenzake.