Sikukaanga Bunduki, Nililainisha Tu

Kabla hamjaisikiliza ile sauti ya dakika nne aliyoirusha shemeji kwenye grupu la ukoo, someni hapa kwanza. Najua nimechelewa. Tangu jana usiku natumiwa picha za makarai. Binamu yangu wa Muscat, ambaye hatujasalimiana tangu Idd, kaamka alfajiri kuniandikia neno moja tu: "Mandazi?"

Sikukaanga bunduki. Hilo tuliweke sawa. Shemeji anasema niliitumbukiza bunduki kwenye mafuta ya moto mpaka ikabadilika rangi. Bunduki haikufika jikoni. Kilichofika jikoni ni chupa ya mafuta, ikakaa kwenye sufuria ya maji moto dakika tano, basi. Tofauti ni kubwa, ingawa nakiri kila nikiisimulia inazidi kuwa ndogo.

Kwa wageni: ni easofti. Bunduki za betri, gololi za plastiki za milimita 6, watu wazima wenye kazi zao wanaviziana msituni Jumapili nzima. Tofauti na peintboli, hakuna rangi ya kukusuta. Ukipigwa unanyoosha mkono mwenyewe na kusema umepigwa. Mchezo mzima unategemea uaminifu wa mtu mwenye matope usoni. Aliyeniingiza humu ni huyohuyo shemeji, mume wa dada yangu, ambaye sauti yake ya jana inaanza na "Shikamoo mama mkwe" kisha anamwanika mtoto wa mama mkwe mbele ya watu sitini na saba.

Bunduki yenyewe niliisotea. Hapa Uingereza, tangu ile sheria ya mwaka 2006, huuziwi bunduki ya mchezo inayofanana na ya kweli mpaka uonyeshe kwamba u mchezaji hasa. Njia ya kawaida ni kucheza uwanjani mara tatu, katika muda usiopungua siku 56, ndipo uandikishwe. Kabla ya hapo utauziwa yenye rangi ya kuwaka, buluu au kijani, kama zile za watoto siku ya sikukuu. Nikahesabu siku zangu 56 kama mtu wa eda. Nikanunua nyeusi, pauni 160. Halafu mtu huyohuyo aliyetoa pauni 160 akasimama dukani, akaangalia kichupa cha mafuta ya silikoni cha pauni 6, akasema, "Huu wizi."

Mafuta si ninayo! Mama katuma lita nzima kutoka Tanga, ya nazi, kayapika mwenyewe, chupa ya maji imeviringishwa kwenye khanga ili isivuje sandukuni. Nikajenga hoja: mafuta ya mashine yanavimbisha raba, kila mtu anajua. Ya nazi hayana kemikali. Yamelainisha nywele, magoti na bawaba za mlango wetu kwa vizazi vitatu. Nilijiona mhandisi kabisa.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo shemeji hakuisema kwa sababu haijui, na sijui kwa nini nawaambia. Nilipoitoa chupa kabatini ilikuwa imeganda. Nyeupe pee, kama mshumaa. Ndani ya nyumba, hita inawaka. Mafuta ya nazi yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi yanaganda, na hilo sikulisoma popote, nimezaliwa nalo. Dada yangu alisoma Lushoto, akirudi likizo ya Juni anatuhadithia walivyokuwa wakichokonoa mafuta kwenye kopo kwa mpini wa kijiko. Nimekua na habari hiyo. Nikayaona mafuta yameganda, nikayayeyusha kwa mikono yangu, na wala sikujiuliza: huko msituni mwezi wa pili kuna nini, jiko?

Nikatia mtutuni. Nikatia kwenye nozeli, kile kimdomo kinachoisukuma gololi ndani ya mtutu. Nikatia kwenye raba ya hopapu, na hapa wachezaji wenzangu najua mmefumba macho. Kwa msiojua: upande wa juu, pale mtutu unapoanzia, kuna kiraba kidogo kinachoikwangua gololi kwa mgongoni inapopita, inazunguka kinyumenyume, na kule kuzunguka ndiko kunakoibeba hewani. Gololi ina robo gramu. Bila kuzunguka ni punje ya hindi tu umeitupa. Raba hiyo kazi yake ni kukwaruza, mimi nikailainisha. Kwa ukarimu. Kama mtoto anayeandaliwa kwenda kupigwa picha.

Asubuhi ilianza vizuri, na hilo ndilo lililoniponza. Ndani ya gari nilikuwa nimeiweka bunduki miguuni, palepale hewa ya moto inapotokea. Shemeji akanusa. "Shem, umepaka nini kichwani leo?" Nikamwambia nyamaza uendeshe. Tukafika, nikaenda moja kwa moja kwenye kipima mwendo, kwa sababu hupewi ruhusa ya kucheza mpaka bunduki ipimwe isije ikawa na nguvu za kuumiza watu. Kikomo pale ni futi 350 kwa sekunde. Yangu ikasoma 328. Refa akanipa alama ya kidole gumba. Bunduki ilikuwa bado ina joto la gari, mafuta bado maji. Nikamtazama shemeji, ambaye anatia silikoni tone moja kwa mwezi kama dawa ya macho, nikamhurumia.

Baada ya hapo refa akatusomea sheria za uwanja. Nitairudia sehemu hii. Kwa sasa elewa tu kwamba yeye alikuwa anaongea na mimi nilikuwa najipiga picha.

Mchezo wa kwanza gololi zangu zilikuwa zinainama. Nalenga kifua cha mtu, inafika magotini. Nalenga kichwa, inafika magotini. Nikalaumu gololi. Mchezo wa pili zikawa zinafika kwenye majani nusu ya njia. Nikalaumu upepo. Upepo haukuwepo. Nyuzi joto zilikuwa mbili.

Mchezo wa mwisho. Wenzetu wanalinda boma la mbao katikati ya msitu, sisi tunashambulia, dakika kumi na tano zimebaki na hatujapata kitu. Shemeji kapigwa mara tatu. Nikaamua kuzunguka kwa mtaro peke yangu. Mtaro ulikuwa na maji, na juu ya maji kulikuwa na barafu nyembamba kama utandu wa maziwa. Nikatambaa. Kiwiko, goti, kiwiko, goti. Dakika kumi na mbili. Bunduki nimeipakata juu ya maji kama mtoto mchanga, na mtoto mwenyewe anapoa. Bastola yangu ya akiba iko nyongani, imelala majini na mimi. Kifua kimekufa ganzi, lakini moyoni nina joto, maana hakuna aliyeniona.

Nikatokea nyuma ya boma. Watu watano. Wote wamenipa mgongo. Mita nne.

Jamani, mita nne! Wa karibu nilikuwa nasoma lebo ya koti lake.

Nikainuka kwa goti moja, taratibu. Maji yananichuruzika mikononi. Miwani haikuwa na ukungu hata kidogo, kwa sababu usiku nilikuwa nimeipaka sabuni ya vyombo na kuifuta, na huo ndio ujanja pekee uliofanya kazi siku nzima. Nikawa naona kila kitu. Ningekuwa na ukungu leo ningekuwa na kitu cha kusingizia.

Mmoja wao akainua pua. "Mnasikia harufu?"

"Ya nini?"

"Kama Bounty."

Wa pembeni naye akanusa. "Ee. Nazi."

Nikabana pumzi, kana kwamba harufu inatoka puani mwangu. Nikasubiri. Wakanyamaza. Nikaweka shavu kwenye kitako cha bunduki, shavu likateleza. Nikaliweka tena. Kidole kwenye kifyatulio. Nikawapanga watano wale kichwani, kushoto kwenda kulia, na nikapanga pia nitakavyomwambia shemeji, kwa unyenyekevu, kwamba ilikuwa bahati tu.

Nikafyatua.

Inavyotakiwa kulia ni "trrrr". Yangu ikalia "nggggg", kama mbuzi aliyegoma kuvutwa, ikatulia, halafu ikasema "tapu".

Gololi moja ikachungulia kwenye mdomo wa mtutu. Nyeupe. Inang'aa mafuta. Ikasita. Naapa ilisita, kama bibi harusi mlangoni anayesubiri apewe kitu kwanza. Kisha ikadondoka. Ikatua juu ya kiatu changu, ikabingirika mpaka ncha ya kiatu, ikaingia majanini.

Watu watano wakageuka.

Hakuna aliyefyatua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa hivi ninapoandika. Wangefyatua ningekufa kiume. Walisimama tu, wakaitazama bunduki, wakatazama kiatu changu.

Nikafyatua tena. "Ngg." Safari hii gololi haikutoka. Kilichotoka ni kipande cheupe cha mafuta yaliyoganda, ukubwa wa ukucha, kikabaki kinaning'inia mdomoni mwa mtutu kama kamasi la mtoto wa chekechea.

Nikachomoa bastola. Bastola ni ya gesi, na gesi yenyewe ni propani iliyochanganywa na silikoni kidogo (ndiyo, silikoni nilikuwa nayo tayari kiunoni, nyamazeni), na gesi ya namna hiyo ikipigwa na baridi inaishiwa nguvu. Ikasema "pfu". Kifuniko cha juu kikarudi nusu, kikakwama hapo. Lakini gololi ilitoka! Niliiona ikienda. Ilienda kama mtu anayekwenda kulipa deni. Ikamfikia yule mwenye lebo, ikamgusa tumboni, ikaanguka.

Akalitazama tumbo lake. Akanitazama. Akaniuliza, kwa adabu zote za nchi hii, "Samahani, hiyo niihesabu?"

Sikuwa na jibu. Mnielewe, nimelowa, bastola imekwama mdomo wazi, na mimi mdomo wazi vilevile. Ndipo yule mwingine, mzee mwenye ndevu nyeupe, akanielekezea kidole. Hata bunduki hakuinua, kidole. Akasema kwa upole, kama anayemnywesha mtoto dawa, "Beng."

Nikanyoosha mkono. "Nimepigwa."

Sasa turudi kwa refa na sheria zake za asubuhi. Uwanja ule, ukimkuta mtu chini ya mita tano hufyatui, maana inauma. Unasema tu "beng", na yeye anahesabika amekufa. Unasema kwa mdomo. Mdomo wangu ulikuwa mzima siku nzima, hauna barafu, hautumii betri, haujapakwa chochote. Ningeropoka "beng, beng, beng, beng, beng" pale nilipopiga goti, na boma lingekuwa letu, na leo grupu la ukoo lingekuwa linajadili mahari ya mtu mwingine.

Refa alinieleza hayo polepole, mara mbili, halafu akanionya kwa kutaka kumfyatulia mtu mgongoni kwa mita nne. Nyuma yake alikuwepo shemeji, mkono juu kama maiti anayerudi kituoni. Maiti haruhusiwi kusema kitu uwanjani. Lakini kucheka hakukutajwa kwenye sheria, na alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope.

Mengine ni mafupi. Nilifungua bunduki jana usiku, mtutu nimeuzibua kwa kijiti na kitambaa, raba ya hopapu nimeitupa, mpya imeagizwa. Nilifungua na giaboksi, kile kisanduku cha gia na springi, na kwa kuwa sikukumbuka kuishika springi kwa bisibisi, springi iliruka, na mpaka sasa sijui iliko, ila niliisikia ikigonga vitu viwili tofauti. Silikoni nimenunua. Pauni 6 na senti 50, imepanda.

Mama alipiga leo mchana. Nilijua kaisikia ile sauti, maana baada ya salamu alinyamaza muda mrefu, na mama hanyamazi kwenye simu ya nje. Nikajiandaa kwa hotuba. Kumbe hakuwa na habari na bunduki.

"Mwanangu, kumbe huko mafuta yanakugandia?"

"Yanaganda, mama."

"Na hukusema. Si unayaanika juani tu, dakika kumi yanayeyuka."

Nikachungulia dirishani. Saa tisa mchana, magari yameshawasha taa, na mvua inaanza kugeuka theluji.

"Sawa mama," nikasema. "Nitayaanika."