Yen 10 kwa saa: nani hasa anabebwa na ruzuku ya mpunga Japani?

Mei 2025, aliyekuwa Waziri wa Kilimo wa Japani, Taku Eto, alisema hajawahi kununua mchele kwa sababu wafuasi wake humpa wa kutosha. Wakati huo mfuko wa kilo 5 ulikuwa unauzwa yen 4,200 na ushee, mara mbili ya bei ya mwaka uliotangulia. Siku chache tu baadaye alijiuzulu. Mrithi wake, Shinjiro Koizumi, akafungua maghala ya akiba na kuyauzia maduka moja kwa moja, na mwezi haujaisha watu walikuwa kwenye foleni wakisubiri mfuko wa yen 2,000 hivi.

Hasira ya mlaji ilieleweka. Ila haikukomea kwa waziri, ilimfikia na mkulima, ambaye kwa miaka mingi huchorwa kama mtoto aliyedekezwa: ushuru wa yen 341 kwa kila kilo unamkinga na mchele wa nje, ushirika wa wakulima, JA, unamsemea, na wanasiasa wanaohitaji kura za vijijini hawathubutu kumgusa.

Wanaosema hivyo wana hoja. Kazuhito Yamashita, aliyewahi kuwa ofisa wa wizara ya kilimo, ameirudia mara nyingi: tangu miaka ya 1970 serikali imewalipa wakulima wapunguze mpunga ili bei isishuke, kwa hiyo mwananchi analipa mara mbili, kwanza kwa kodi, kisha dukani. Mgawo wa kupunguza mashamba ulifutwa rasmi 2018, lakini fedha za kumshawishi mkulima ahamie kwenye ngano, soya au mpunga wa mifugo zikaendelea, na breki ikabaki palepale. Joto la kiangazi cha 2023 lilipoharibu ubora wa mavuno, na tahadhari ya tetemeko kubwa ya Agosti 2024 ilipowakimbiza watu madukani, nchi haikuwa na ziada ya kutosha kuzuia bei isipae. Tena bei ya juu humbakisha shambani mwenye vijaruba viwili vitatu, na ardhi haimfikii anayetaka kulima kwa tija. Hapo sina la kubisha.

Lakini kuna takwimu moja ya wizara yenyewe ambayo wakosoaji huipita haraka. Mwaka 2021, na tena 2022, mapato halisi ya shamba la mpunga kwa wastani, baada ya kutoa gharama, yalikuwa yen 10,000 kwa mwaka. Kwa mwaka! Ukizigawa kwa takriban saa 1,000 za kazi, unapata yen 10 kwa saa, wakati kima cha chini cha mshahara nchini humo mwaka 2022 kilikuwa wastani wa yen 961. Kwa bei ya Mei 2025, pato hilo la mwaka mzima lingenunua mifuko miwili ya mchele na kubakiza chenji.

Utajibiwa kwamba wastani unapotosha, na ni kweli kiasi. Mwenye hekta 20 na zaidi anapata faida ya maana. Anayelima chini ya hekta moja kwa kawaida anapata hasara. Gharama ya kuzalisha kilo 60 kwa mwenye chini ya nusu hekta ni zaidi ya mara mbili ya ile ya mkulima mkubwa. Sawa. Ila hao wa nusu hekta wanaishije? Wengi wana pensheni au ajira mjini, na fedha hiyo ndiyo inayolipia dizeli, mbolea na mashine ya kuvuna inayotumika siku chache tu kwa mwaka. Kwa hiyo mstaafu wa kijijini ndiye anayemlipia mlaji wa Tokyo sehemu ya gharama ya wali wake. Sasa hapo nani anambeba nani?

Na kazi yake haiishii kwenye gunia. Takriban asilimia 40 ya ardhi ya kilimo ya Japani iko maeneo ya vilima na milima. Majaruba huko yamepangwa kama ngazi, na kingo zake zina mteremko mkali ambao lazima ufyekwe mara kadhaa kila kiangazi, mtu akiwa amesimama upande upande na mashine ya kufyekea begani. Kabla ya maji kuingizwa, wanakijiji hutoka pamoja kuzibua mifereji, na wengi wao ni wazee. Mkulima mkubwa wa bondeni anayesifiwa kwa tija hutegemea maji yanayopita kwenye mifereji hiyohiyo. Wazee wakiacha, hawezi kuwa bondeni na mlimani kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana naona mjadala wa kuwapa au kutowapa umekaa vibaya. Ulaya ilianza 1992 kuondoka kwenye kulinda bei na kumlipa mkulima moja kwa moja. Yamashita naye anataka bei ishuke na mkulima afidiwe, ila fidia iende kwa wale wanaoishi kwa kilimo hasa. Nakubali njia, ila siafiki mpaka huo wa nani alipwe. Kama fereji lina faida kwa bonde zima, anayelizibua alipwe, awe na hekta 30 au robo hekta. Malipo ya maeneo ya milima yapo tangu mwaka 2000, lakini ni kidogo mno. Mwaka 2010 serikali ya chama cha DPJ ilijaribu kuwalipa wakulima wa mpunga yen 15,000 kwa kila ari 10, yaani sehemu ya kumi ya hekta. Waliofuata wakayapunguza nusu 2014 na kuyafuta 2018.

Wakati huohuo watu wanakwisha. Waliokuwa wakitegemea kilimo kama kazi yao kuu walikuwa milioni 2.4 mwaka 2000. Mwaka 2024 walibaki milioni 1.11, umri wa wastani ukikaribia miaka 70. Katika nchi inayojitosheleza kwa chakula kwa asilimia 38 tu ya kalori zake, hesabu hiyo inapaswa kuwatisha walaji kuliko bei ya mfuko.

Agosti 2025 Waziri Mkuu Shigeru Ishiba alitangaza kwamba sasa wakulima walime zaidi. Kufikia Oktoba serikali mpya ya Sanae Takaichi ilikuwa imerudi kwenye kauli ya kuzalisha kulingana na mahitaji. Mkulima anayetakiwa kuamua leo kama akope kununua mashine mpya asikilize ipi? Serikali imeahidi kuifumua sera nzima ya majaruba kuanzia mwaka wa fedha 2027, na bajeti hiyo ndiyo itakayoonyesha kama mzigo wa bei ikishuka utabebwa na hazina, au ataachiwa tena mzee wa pensheni.