Mwacheni Aliyesugua Benchi Atangaze

“Kwani yeye alicheza wapi?” Wiki hii nimeliona tena hilo swali, limerushwa kwa mtangazaji mmoja kijana aliyethubutu kusema beki fulani amechoka. Kwa wanaouliza hivyo, maikrofoni ni pensheni ya mastaa. Kama hukufunga magoli, nyamaza.

Basi ngoja niwape Bob Uecker, mtangazaji wa besiboli redioni.

Mzee huyu wa Milwaukee, aliyefariki Januari 2025 akiwa na miaka 90, alicheza besiboli ya ligi kuu Marekani kuanzia 1962 hadi 1967. Mdakaji wa akiba, yaani wa kudaka mipira inayotupwa na mrushaji wa timu yake. Nafasi 731 za kupiga, vibao 146, yaani wastani wa .200, kibao kimoja kwa kila nafasi tano, ambao kule ni wa kufungashiwa virago. Msimu wake wa mwisho aliongoza ligi nzima kwa kuachia mipira impite, mara 27! Sehemu kubwa ya balaa hilo ni Phil Niekro, mrushaji ambaye mpira wake hauzunguki, unayumba hewani kama kishada kilichokatika uzi. Uecker alikuwa na dawa yake: subiri uache kubingirika, kisha uuokote.

Watu hucheka hapo na kuishia hapo. Hawajiulizi alichokuwa akikifanya miaka yote hiyo. Mdakaji anachuchumaa nyuma ya mpigaji, na katika timu yake ni yeye peke yake anayeutazama uwanja wote mbele yake. Wenzake wanane wanaangalia upande wake. Sasa mchukue mdakaji huyo umweke benchi. Hana la kufanya ila kutazama: nani anachechemea, kocha amenuna kwa nini, mrushaji ameanza kupoteza mkono. Mtu wa namna hiyo ukimpa redio unampa kazi aliyoisomea. Uecker alipewa redio ya Milwaukee Brewers, timu ya besiboli ya mji huo, mwaka 1971, akatangaza mpaka 2024.

Tena besiboli ina vituo virefu. Mrushaji anapangusa jasho, mpigaji anarekebisha glavu, na msikilizaji yuko gizani haoni kitu. Staa angejaza kimya hicho kwa “enzi zetu sisi”. Uecker alikijaza kwa aibu zake mwenyewe. Mpira ukipaa ndipo anapandisha sauti, anauamrisha uinuke, utoke, uende zake, na nyumbani unauona ukivuka ukuta.

Mambo ya runinga kwa Johnny Carson, mwenyeji wa kipindi maarufu cha usiku Marekani, matangazo ya bia, sanamu yake iliyoketi mstari wa mwisho kabisa juu uwanjani, hayo ni hadithi ya siku nyingine. Na jamani, hakuwa mbumbumbu kiasi hicho: mwaka 1965 alimpiga Sandy Koufax homurani, yaani pigo la kuvusha mpira nje ya ukuta, Koufax yule mrushaji wa ushindi 26 msimu huo.

Haya, nakubali, kwa shingo upande. Mwaka 1964 St. Louis Cardinals walipoifunga Yankees ya New York kwenye fainali, Uecker alikuwa Cardinals lakini hakugusa uwanja hata dakika moja. Aliyedaka mechi zote saba ni Tim McCarver, akapiga kwa wastani wa .478, na yeye pia baadaye akawa mtangazaji mkubwa, na tuzo ya Ford Frick, ya watangazaji wa besiboli, akaipata kama Uecker. Kwa hiyo staa anaweza. Lakini McCarver alitangaza miaka na miaka kabla ya kupewa tuzo hiyo. Hawa mastaa wetu wa soka wanatundika daluga Ijumaa, Jumapili wako hewani wamevaa suti wakitufahamisha kwamba mpira ni dakika tisini.