Hispania Kijivu, Ufaransa Kijivu

Kwa kuwa jirani yangu, Baba Asha, amekwisha kuutangazia mtaa mzima kwamba nimenunua luninga isiyo na rangi, nalazimika kueleza mwenyewe kilichotokea Jumamosi, ingawa masikio bado yananiwaka. Luninga yangu ina rangi. Kasoro ilikuwa kwa mwenye luninga.

Mnaonifuata mnakumbuka nilivyowachosha kwa habari za vikuza picha, yaani vile visanduku vinavyoifanya picha ya mashine za zamani za gemu ikubalike kwenye luninga bapa. Nilikuwa na daftari lenye jedwali. RetroTINK 4K, iliyotoka mwishoni mwa 2023 kwa dola 750, niliipa alama za juu katika kila safu isipokuwa ya bei, kwa sababu fedha hiyo inakaribia shilingi 2,000,000 na mama watoto anajua kusoma. RetroTINK 5X-Pro hutuliza vizuri picha za PlayStation 2, ambazo aghalabu huja nusu nusu (nusu ya mistari kwanza, nusu iliyobaki zamu inayofuata), lakini nayo ilinizidi kimo. Visanduku vya Kariakoo, vya bei ya sahani chache za chipsi kuku, nilivikejeli hadharani kwamba vinachelewesha mkono na kwamba picha ya mistari 240 huidhania kuwa nusu ya picha ya mistari 480. Nikachagua kisanduku cha OSSC, ambacho huzidisha mistari papo hapo bila kusubiri fremu nzima ikamilike. Safu ya bei ilikuwamo katika daftari, ya ucheleweshaji ilikuwamo, hata ya uzito ilikuwamo. Ya matundu ya kuingizia waya haikuwamo. (Naomba msikimbilie mbele.)

Wageni walikuwa wanane. Baada ya pilau nilisimama mbele ya luninga nikatoa hotuba juu ya usafi wa picha, kisha nikainama nyuma ya meza nikiwa na waya wa PlayStation 2 wenye vichwa vitatu: nyekundu, nyeupe na njano. Nyekundu na nyeupe nilizipeleka kwenye redio. Ile ya njano nikaizungusha kisanduku chote, mbele na nyuma, nikitafuta tundu la njano, na halikuwapo. Kulikuwa na kijani, bluu na nyekundu. Nikasikia jasho likishuka mgongoni, nikajiambia kwamba tundu ni tundu, nikaichomeka kwenye kijani.

Picha ikatokea! Nilipiga makofi peke yangu. Uwanja ulikuwa wa kijivu, anga la kijivu, vidoto vidogo vikitambaa kwenye kingo za kila kitu, na mstari wa katikati ya uwanja ulitetemeka kama mwenye homa. Mpwa wangu akauliza kwa heshima, "Mjomba, majani yamekwenda wapi?" Nami, Mungu anisamehe, nikajibu kwamba hiyo ndiyo picha halisi kabla haijachakachuliwa.

Mechi ikaanza, Hispania ya jezi nyekundu dhidi ya Ufaransa ya jezi za bluu, na kwenye luninga yangu wote walikuwa mafundi gereji wa kampuni moja. Baba Asha alimpa pasi nzuri sana mshambuliaji wangu, nami kwa adabu nikamrudishia beki wake. Dakika ya kumi na mbili bao likafungwa, tukashangilia wote wawili, halafu tukanyamaza wote wawili, tukingoja maandishi yatuambie ni la nani. Ndipo Baba Asha, ambaye ni mtu wa Unguja, akaweka padi chini na kunikumbusha taratibu kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970.

Maelezo ni mafupi: waya wa njano hubeba mwanga na rangi vikiwa vimechanganywa, tundu la kijani husoma mwanga tu na kungoja rangi zipitie bluu na nyekundu, na OSSC haina kabisa mlango wa waya wa njano. RetroTINK 5X-Pro inao. Hata cha Kariakoo kinao, na mpwa wangu alikuwa nacho begini muda wote, ila aliona haya kukitoa kwa sababu ya hotuba yangu. Akakichomeka, rangi zikarudi, nikafungwa manne.

Waya wenye vichwa vitano umeagizwa. Baba Asha amebadili picha yake ya WhatsApp: ni mimi nimesimama mbele ya luninga, mkono juu, nikihutubia, naye ameigeuza kuwa nyeusi na nyeupe.